Dhul-Hulaifa au Abyar Ali? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la mikati ya watu wa Madina

Kila msimu, kabla misafara haijaondoka Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Kampala, darasa la hija likifika kwenye somo la mikati, yaani mahali pa kuingilia ihramu, mikono huinuka. Wengi hawaulizi juu ya ihramu yenyewe, ile hali ya ibada anayoingia hujaji kwa nia na mavazi yake; wanauliza juu ya jina: mbona kitabuni pameandikwa Dhul-Hulaifa na mjomba aliyehiji mwaka juzi anasema alihirimia Bir Ali? Na huyo Ali ni nani? Maswali hayo na jamaa zake yamekusanywa hapa. Swali lililojibiwa penginepo halikurudiwa, umeelekezwa tu lilipo.

## Ya msingi

Dhul-Hulaifa ni wapi hasa?

Ni kijiji cha zamani kusini-magharibi mwa Madina, upande wa magharibi wa bonde la Al-Aqiq, kiasi cha kilomita 10 hivi kutoka Msikiti wa Mtume. Wanazuoni wa kale walikadiria umbali huo kuwa maili 6, wengine wakasema 7. Siku hizi mji wa Madina umetanuka, na anayepita kwa basi haoni tena mpaka kati ya mji na kijiji.

Kutoka hapo hadi Makka ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo hakuna mikati iliyo mbali na Makka kuliko hii. Waliosafiri kwa ngamia waliihesabu kuwa marhala 10, yaani siku 10 za mwendo, wote wakiwa ndani ya ihramu.

Dhul-Hulaifa na Abyar Ali ni mahali pamoja au pawili?

Ni mahali pamoja. Dhul-Hulaifa ni jina la kwenye hadithi na vitabu vya fiqhi, Abyar Ali ni jina la kwenye midomo ya wenyeji, madereva na wafanyabiashara. Utasikia pia Bir Ali, Masjid Shajara na Msikiti wa Mikati, na yote hayo yanakupeleka pale pale.

Hili si jambo dogo. Hujaji aliyefundishwa jina la kitabuni peke yake hukaa kwenye basi akingoja kusikia "Dhul-Hulaifa", dereva naye anatangaza "Abyar Ali". Watu wanashuka, wanaoga, wanaswali, naye amebaki kitini akidhani hapo ni mahali pa kununua maji. Kuipita mikati bila kuhirimia kuna hukumu yake, na gharama yake. Viongozi wa misafara, tafadhalini, semeni majina yote mawili darasani, kisha myarudie ndani ya basi kabla halijatoka Madina.

Mbona wengine wanapaita Masjid Shajara tu?

Shajara ni mti. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akisafiri kwenda Makka alikuwa akitua hapo chini ya mti wa samura, ambao ni wa jamii ya migunga, na msikiti uliojengwa mahali hapo ukachukua jina la mti. Ndugu zetu wa madhehebu ya Jaafari hulitumia jina hili zaidi, kwa kuwa katika fiqhi yao mikati ya watu wa Madina hutajwa kuwa ni Masjid Shajara wenyewe. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa ukasikia Mshia anasema "tulihirimia Shajara", usidhani alikwenda kwingine.

## Jina la kale

"Hulaifa" maana yake nini?

Maelezo yaliyopokewa na wengi wa wanazuoni wa lugha ni kwamba hulaifa ni umbo la udogo la halafa, shina moja la nyasi ziitwazo halfa. Ni nyasi ndefu, ngumu, zenye majani makali, zinazomea karibu na maji au mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Watu wa jangwani walizisokota kamba na kuzifuma mikeka.

Maelezo hayo yanaendana na mahali penyewe. Al-Aqiq ni bonde linalopitisha mafuriko ya mvua na kuyahifadhi chini ya mchanga. Penye halfa pana matumaini ya kisima, na penye kisima msafara hutua. Kwa hiyo jina la nyasi na lile jina la visima lililokuja baadaye yanasimulia habari moja: hapa ndipo msafiri atokaye Madina alipopata maji kabla ya kuikabili njia ndefu.

Wala si ajabu kwa sisi tunaoishi na Mnazi Mmoja na Mkunazini. Mmea ulioonekana na wa kwanza kufika hubeba jina, kisha mmea hufa na jina likabaki. Mji wa Wadi Halfa, kaskazini mwa Sudan, nao umechukua jina lake kwa nyasi hizo hizo.

Na hiyo "Dhul"? Nimeona pia Dhil-Hulaifa na Dhi-Hulaifa.

Dhu ni "mwenye". Dhul-Hulaifa basi ni mahali penye kijinyasi cha halfa. Irabu inabadilika kwa sababu ya sarufi ya Kiarabu: neno likitanguliwa na "kutoka", kwa mfano, husomwa Dhil. Ni jina moja. Kwa Kiswahili andika Dhul-Hulaifa na ushikilie hilo moja katika maandishi yako yote.

Nimesikia kwamba jina linatokana na kiapo. Ni kweli?

Wapo wanazuoni walioitaja rai hiyo kama jambo linalowezekana: kwamba asili ni hilf, kiapo cha ushirika, kwa kuwa baadhi ya Waarabu waliapiana hapo. Inapendeza kuisikia, na herufi zake zinaruhusu. Lakini waliotaja rai zote mbili wametanguliza nyasi, na mimi nipo pamoja nao. Nyasi zinaeleza umbo la udogo, zinaeleza "mwenye", na zinaeleza bonde. Kiapo kinaeleza herufi tu.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilitumia jina hili?

Ndiyo. Katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliwawekea watu wa Madina Dhul-Hulaifa, watu wa Sham Al-Juhfa, watu wa Najd Qarnul-Manazil na watu wa Yemen Yalamlam. Akasema mikati hizo ni za watu hao na za kila anayezipitia, asiyekuwa wa huko, akikusudia hija au umra. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachomfanya hujaji wa Tanga au Bujumbura aliyeanzia Madina ahirimie Dhul-Hulaifa kama mtu wa Madina.

Jina linarudi katika matukio mengi ya sira. Mwaka wa 6 Hijria, katika safari iliyoishia Hudaybiya, Mtume alihirimia umra hapo na hapo ndipo wanyama wa kuchinja walipotiwa alama. Baada ya mkataba wa Hudaybiya, uliofungwa na watu wa Makka, Abu Basir, Mwislamu aliyekimbilia Madina kutoka Makka, alipokabidhiwa kwa watu wawili wa Makka wamrudishe, walifika Dhul-Hulaifa wakatua kula tende zao. Abu Basir akausifu upanga wa mmoja wao, akaomba autazame, akamuua nao. Mwaka wa 10, katika hija ya kuaga, Anas (r.a.) anasimulia kwamba Mtume aliswali Adhuhuri Madina rakaa 4 na Alasiri Dhul-Hulaifa rakaa 2. Alilala hapo mpaka asubuhi.

Tazama picha inayojitokeza: kila mara ni mahali pa kutua, pa kula, pa kulala. Kilikuwa kituo cha kwanza nje ya mji, tayari kikihesabiwa kuwa safarini, ndiyo maana swala ikapunguzwa.

## Jina la visima

Ali anayetajwa katika Abyar Ali ni nani?

Tangu jina hili lilipoanza kuandikwa, watu waliolitumia walimkusudia Ali bin Abi Talib (r.a.). Kwamba alipita hapo hakuna shaka: alikuwepo Hudaybiya, tena ndiye aliyeandika mkataba. Na habari za kuchimba maji zinamwelekea kwa haki, kwani alijulikana kwa chemchemi alizozifukua upande wa Yanbu na kuzifanya wakfu. Haishangazi kuona kisima cha njiani kikipewa jina lake.

Lakini usiongeze lisilokuwepo. Wengine husema aliihirimia hija ya kuaga hapo pamoja na Mtume. Sivyo. Mwaka ule Ali alikuwa Yemen, na alimkuta Mtume Makka akitokea huko.

Ni kweli kwamba Imam Ali alipigana na majini kwenye kisima hicho?

Hapana. Kisa hiki ni cha zamani sana, na kimekanushwa zamani vile vile. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), aliandika kwamba watu wasio na elimu walikiita kisima cha hapo Bir Ali kwa kudhani kuwa Ali alipigana na majini humo, na kwamba huo ni uongo: hakuna sahaba aliyepigana na majini, na daraja ya Ali iko juu kuliko kuhitaji kisa kama hicho. Akaongeza kuwa kisima hakina fadhila wala ubaya, na kwamba haipendekezwi kutupa ndani yake jiwe wala kitu kingine. Bila shaka palikuwa na watu wakitupa mawe.

Ujumbe wa WhatsApp unasema Abyar Ali ni Sultani Ali Dinar wa Darfur. Tuuamini?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Ujumbe wenyewe una sura nyingi, ila kiini chake ni hiki: Sultani Ali Dinar alikwenda hija mwishoni mwa karne ya 19, akaikuta mikati imechakaa, akachimba visima na kuujenga msikiti, na kuanzia hapo pakaitwa Abyar Ali. Wengine huongeza kwamba aliivisha Kaaba kwa miaka 20.

Ali Dinar alikuwa mtu wa kweli na mtawala mkubwa. Aliishika Darfur mwaka 1898, akaitawala mpaka alipouawa mwaka 1916 akipigana na jeshi lililoongozwa na Waingereza. Kasri lake la El Fasher liligeuzwa kuwa makumbusho. Hakuna anayemnyima heshima hiyo.

Lakini jina haliwezi kuwa lake, na ushahidi ni tarehe tu. Ibn Taymiyya, kama ulivyosoma katika jibu lililotangulia, alilalamikia jina Bir Ali kabla ya mwaka 1328. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), anaposherehesha Sahihi Bukhari anasema kwamba Dhul-Hulaifa pana msikiti uitwao Masjid Shajara, uliokuwa magofu, na pana kisima kiitwacho Bir Ali. Ni zaidi ya miaka 400 kabla Ali Dinar hajakalia kiti. Hata kama aligharimia visima mahali hapo, jina alilikuta.

Hiyo habari ya kuivisha Kaaba nayo haisimami. Utawala wake wote haukutimiza miaka 20, na kiswa, yaani vazi la Kaaba, cha miaka hiyo kilikuwa kikishonwa Cairo na kupelekwa na msafara wa Misri.

Naelewa kwa nini ujumbe huu unapendwa. Unamweka Mwafrika mweusi mahali patukufu, na sisi tuna kiu ya habari kama hizo kwa sababu nyingi za kweli zimefichwa. Kwa sababu hiyo hasa tusisambaze isiyo ya kweli. Atakayeikanusha kesho ataikanusha na ile ya kweli tuliyokuwa nayo.

Mbona siku hizi ni "Abyar", wingi, na zamani ilikuwa "Bir"?

Wanazuoni waliotajwa hapo juu wanazungumzia kisima kimoja, bir. Visima vilivyochimbwa bondeni viliongezeka kwa kadiri misafara ilivyoongezeka, na jina likaenda kwenye wingi. Abyar ni wingi wa mitaani; kamusi za Kiarabu fasaha zitakupa abaar. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelishika umbo la umoja, Bir Ali, na hawajakosea: ndilo la zamani zaidi kati ya hayo mawili.

Ni kosa kusema Abyar Ali? Shekhe wetu hapendi.

Si kosa kama unataja mahali. Ni jina la mtaa kwenye ramani na vibao vya barabarani, na kulitumia si kukiri kisa cha majini. Ila shekhe ana hoja: Mtume alipaita Dhul-Hulaifa, na jina lililo katika hadithi linastahili kuhifadhiwa lisije likawa geni kwa watoto wetu. Njia nzuri ni kuyafundisha yote mawili, kama ilivyoelezwa mwanzoni.

Je, maji ya visima hivyo yana baraka?

Kisima hakina fadhila maalumu. Baraka iliyothibiti ni ya bonde. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba akiwa katika bonde la Al-Aqiq Mtume alisema: usiku ule alijiwa na mjumbe kutoka kwa Mola wake, akaambiwa aswali katika bonde hilo lenye baraka na aseme "umra ndani ya hija". Kwa hiyo ukifika, swali. Hakuna haja ya kujaza chupa.

Msikiti wa sasa ni wa lini?

Gofu alilolitaja Ibn Hajar lilijengwa upya mwaka 861 Hijria, miaka michache tu baada ya kifo chake, na baadaye tena wakati wa Waturuki. Jengo kubwa la leo, lenye matao, ua wa ndani na mabafu mengi ya mahujaji, ni la miaka ya 1980, enzi ya Mfalme Fahd, na mchoraji wake ni Mmisri Abdel-Wahed El-Wakil.

## Njiani, na mambo ya pembeni

Je, mikati nyingine nazo zimebadilika majina?

Ndiyo, karibu zote. Qarnul-Manazil leo inaitwa As-Sailul-Kabir, na Yalamlam inajulikana kwa jina la As-Saadiya. Ukifuatilia utaona namna moja: vitabu vinashika jina la hadithi, wasafiri wanashika jina la kisima, mkondo au kijiji kipya.

Yenye kisa kizito ni Al-Juhfa, karibu na Rabigh. Jina lake la kwanza lilikuwa Mahyaa. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba Banu Abil, waliofukuzwa Yathrib, walihamia hapo, yakaja mafuriko yakawazoa, na kuzolewa huko ndiko kulikofanya mahali hapo paitwe Al-Juhfa. Majina yote mawili yamo katika hadithi: Mtume aliomba homa ya Madina ihamishiwe Al-Juhfa, na katika ndoto aliyoisimulia aliona maradhi ya Madina yakitoka na kutua Mahyaa. Kijiji kilikuja kuhamwa, mahujaji wakawa wanahirimia Rabigh, mpaka ulipojengwa msikiti mpya wa mikati.

Vitabu vinataja Al-Muarras na Al-Baidaa. Ni vijiji vingine?

Ni sehemu za eneo hilo hilo. Muarras linatokana na taaris, kutua mwisho wa usiku kwa kupumzika. Ibn Umar (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alikuwa akitoka Madina kwa njia ya Shajara na kurudi kwa njia ya Muarras, na akirudi alilala bondeni hapo mpaka kupambazuke.

Baidaa ni uwanda wa wazi ulioinuka, mara tu ukitoka Dhul-Hulaifa kuelekea Makka. Unatajwa kwa sababu masahaba walisimulia tofauti kuhusu mahali Mtume alipoanza talbia, ule wito wa "labbaika" wa aliyehirimia. Ibn Umar alisisitiza kwa ukali kwamba ilikuwa msikitini, si Baidaa. Waliomsikia Baidaa walimsikia huko kwa kuwa aliendelea kuitoa, na watu walikuwa wengi mno kusikia wote kwa pamoja.

Nikifika nikiwa na hedhi, nifanye nini?

Jibu lako lilitolewa mahali hapo hapo. Katika hija ya kuaga, Asma bint Umais (r.a.), mke wa Abu Bakr, alijifungua Muhammad bin Abi Bakr Dhul-Hulaifa, akatuma kumuuliza Mtume afanyeje. Akaambiwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie. Mwenye hedhi yuko vivyo hivyo: anahirimia, anatoa talbia, na tawafu anaichelewesha mpaka atwaharike.

Nikienda Makka kwa treni, nahirimia wapi?

Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, haisimami Abyar Ali. Wapo wanaokwenda mikati kwanza kwa teksi, kisha wanarudi kupanda treni wakiwa tayari katika ihramu. Wapo wanaooga na kuvaa hotelini, wakatia nia kabla treni haijaiacha mikati nyuma. Treni inakwenda kasi, kwa hiyo usijiambie utatia nia baadaye. Panga na kiongozi wako kabla ya siku hiyo.

Nikishukia Jeddah moja kwa moja, Dhul-Hulaifa inanihusu?

Haikuhusu kwa safari hiyo. Utahirimia ukiwa ndani ya ndege, kabla haijavuka usawa wa mikati iliyo kwenye njia yenu. Itakuhusu ukienda Madina kisha ukarudi Makka kwa nia ya umra au hija.

Nimesoma hadithi ya Dhul-Hulaifa ya Tihama. Ndiyo hii?

Siyo. Rafi bin Khadij (r.a.) anasimulia kwamba walikuwa na Mtume Dhul-Hulaifa ya Tihama, wakapata ngamia na kondoo wa ngawira, mpaka ngamia mmoja akakimbia akatupiwa mshale. Wafasiri wa hadithi wametanabahisha kwamba hapo ni mahali pengine, upande wa Dhat Irq, mikati ya watu wa Iraq, na neno "Tihama" limetiwa makusudi kupatofautisha. Halfa haikuota bonde moja tu, na jina la mmea linaweza kukutana nawe popote penye maji.